Kijana Mwenye Hitilafu ya Mapigo ya Moyo na Nafasi Yake Uwanjani

Hotuba kwa walimu wa michezo, makocha, wazazi na wachezaji chipukizi, Tononoka, Mombasa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa ndugu zetu wa imani nyingine, salamu za heshima. Walimu wetu, makocha wa timu za mitaa, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango kana kwamba mko tayari kutoroka, nawashukuru kwa kuja asubuhi ya Jumamosi, saa ambayo wengi wenu mngekuwa uwanjani.

Nimeombwa kuzungumza juu ya vijana wanaocheza michezo huku wakiwa na hitilafu ya mapigo ya moyo. Nitasema mapema ninakoelekea. Katika kazi yangu ya kuwatibu wanamichezo, kijana ambaye moyo wake unajulikana kuwa na kasoro hanikoseshi usingizi sana, kwa kuwa ana dawa zake, ana daktari wake, na kocha wake anajua la kufanya akianguka. Anayenikosesha usingizi ni yule aliyeambiwa hospitalini kwamba moyo wake una kasoro, akaikunja karatasi ya daktari, akaitia chini ya godoro, kisha Jumapili akavaa viatu akaenda kucheza, kwa sababu anajua kwamba siku kocha atakapoisoma karatasi ile ndiyo siku atakayofutwa kwenye timu. Kijana huyo hakuzaliwa msiri. Sisi watu wazima ndio tuliomfundisha kuificha karatasi. Mengi nitakayoyasema leo yanalenga kumwondolea sababu ya kuificha.

Nianze na moyo wenyewe, kwa ufupi, maana hatukuja hapa kusomea udaktari. Moyo una umeme wake. Umeme huo huanzia juu, upande wa kulia, husambaa katika vyumba viwili vya juu, husita kidogo, kisha hushuka kwa kasi hadi vyumba viwili vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Baada ya kila pigo misuli ya moyo inahitaji kipindi kifupi cha kujitayarisha kwa pigo linalofuata. Waliowahi kupiga makasia wanajua kwamba kuliinua kasia na kulirudisha mbele ni kazi sawa na kulivuta. Mmoja akivuta kabla wenzake hawajainua, chombo hupoteza mwendo, na wakiendelea hivyo kila mtu atachoka na mtumbwi utabaki pale pale ukiyumba.

Katika ugonjwa unaoitwa QT ndefu, kipindi hicho cha kujitayarisha hurefuka kupita kiasi, na pigo likija mapema vyumba vya chini vinaweza kuanza kutetemeka badala ya kusukuma. Damu haifiki kwenye ubongo, na mtu huanguka katika muda wa sekunde chache. Mara nyingi moyo hujirudi wenyewe, naye huamka akishangaa watu waliomzunguka. Mara nyingine haujirudi. Ugonjwa huu hurithiwa, na unakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,000. Wapo wengine waliozaliwa na njia ya ziada ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, hali iitwayo Wolff-Parkinson-White, ambao moyo wao hushika kasi ghafla na kutulia ghafla. Hawa wana bahati, kwa kuwa njia hiyo inaweza kuunguzwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na walio wengi hupona kabisa na kurudi kucheza. Wapo ambao mapigo yao huvurugika pale tu wanapokimbia au kushtuka, na ukiwapima wakiwa wamelala kitandani kipimo hakionyeshi lolote. Na wapo ambao tatizo linaanzia kwenye misuli yenyewe, iliyonenepa au iliyogeuka kovu, umeme ukapotea njia ndani yake. Nayataja haya kwa sababu moja. Mtu akiwaambia kwamba fulani ana ugonjwa wa moyo, bado hajawaambia jambo la kuwafanya muamue chochote. Muulizeni ni ugonjwa upi.

Dalili ambayo nataka kila kocha aondoke nayo hapa ni kuzimia, na hasa wakati ambapo mtu anazimia. Mchezaji akimaliza mbio za mita 1,500 katika jua la saa nane, akasimama ghafla, akaona kizunguzungu na kuanguka, mara nyingi damu imejikusanya miguuni. Akilazwa na miguu yake ikainuliwa, hurudiwa na fahamu haraka. Si jambo la kupuuza, ila kwa kawaida halina hatari kubwa. Mchezaji anayeanguka katikati ya mbio, mguu ukiwa bado hewani, bila hata kujikinga kwa mikono, uso ukatangulia chini, huyo mhesabuni kuwa mgonjwa wa moyo mpaka daktari athibitishe kwamba siye. Harudi uwanjani siku hiyo, wala wiki hiyo, hata akisimama na kuapa kwamba yuko sawa, hata mkiwa nyuma kwa bao moja na zimebaki dakika kumi. Nimesikia makocha wakisema kwamba kijana alikuwa hajanywa chai. Huenda ni kweli. Lakini njaa haimwangushi mtu wa miaka kumi na saba kama mnazi uliokatwa, halafu ikamwinua baada ya nusu dakika akiwa mzima.

Aina za QT ndefu hutofautiana katika kinachozichochea. Aina ya kwanza huchochewa na mazoezi, na kuogelea ndiko kunakoongoza. Aina ya pili huchochewa na mshtuko wa sauti, kama simu inayolia usiku au saa ya kuamshia. Aina ya tatu humpata mtu akiwa amepumzika au amelala. Kwetu Pwani hili la kuogelea lina uzito wa pekee. Mitaa iliyo karibu na maji haikosi habari za kijana hodari wa kuogelea aliyezama mahali ambapo hapakuwa na mkondo wala kina cha kutisha, na watu wakasema amechukuliwa na jini wa bahari. Sidai kwamba kila aliyezama alikuwa na QT ndefu, kwa kuwa wengi huzama kwa sababu za kawaida kabisa. Ninachosema ni kwamba muogeleaji hodari akizama pasipo sababu inayoeleweka, matanga yakiisha ndugu zake wapelekwe wakapimwe moyo.

Vivyo hivyo kwa anayeanguka akatetemeka. Ubongo ukikosa damu mwili hukakamaa na kutikisika, na anayetazama huona kifafa. Katika nchi nyingi wamepatikana wagonjwa wa QT ndefu waliomeza dawa za kifafa kwa miaka kabla ya mtu yeyote kufikiria kuupima moyo. Simkatazi mzazi kumsomea mwanawe dua wala kumnywesha kombe. Ninalomwomba ni kwamba mtoto huyo huyo apimwe pia umeme wa moyo, kipimo ambacho wengi mnakijua kwa jina la ECG. Hakina sindano, hakina maumivu, na huchukua dakika chache.

Je, tuwapime wote? Swali hili linastahili jibu refu kidogo, kwa sababu nchi zilizotutangulia hazijakubaliana. Nchini Italia, sheria ya mwaka 1982 inamlazimu kila mwanamichezo wa mashindano achunguzwe, pamoja na kupimwa umeme wa moyo, kabla ya kuruhusiwa kucheza. Katika jimbo la Veneto, watafiti waliofuatilia kumbukumbu za mwaka 1979 hadi 2004 walikuta kwamba vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa asilimia 89. Hiyo ni habari njema sana, na Waitalia wana haki ya kujivunia. Kisha tazameni Uingereza, ambako Chama cha Soka kiliwapima wachezaji chipukizi 11,168 kati ya mwaka 1996 na 2016. Waliokutwa na magonjwa yanayoweza kusababisha kifo cha ghafla walikuwa 42. Lakini katika miaka iliyofuata wachezaji 8 kati ya wale waliopimwa walifariki kwa ugonjwa wa moyo, na 6 kati ya hao 8 walikuwa wameambiwa kwamba vipimo vyao havina tatizo. Kipimo, basi, huokoa wengine na kuwapita wengine.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi ya Waitalia. Moyo wa mtu anayefanya mazoezi mengi hubadilika: akiwa amepumzika hupiga polepole, pengine mara arobaini na kitu kwa dakika, na mistari ya kipimo huchukua maumbo ambayo kwa mtu asiyefanya mazoezi yangetia shaka. Kwa wanamichezo weusi maumbo hayo huonekana mara nyingi zaidi, na kwa muda mrefu yalisomwa kwa vigezo vilivyotokana na wanamichezo weupe, vijana wazima wakabandikwa ugonjwa wasiokuwa nao. Vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2017 vimelitambua hilo na kuyahesabu baadhi ya maumbo hayo kuwa ya kawaida kwa mwanamichezo mweusi asiye na dalili. Kwa hivyo kipimo kisomwe na mtu anayevifahamu vigezo hivyo, la sivyo tutawatoa uwanjani watoto ambao kosa lao ni kufanya mazoezi kwa bidii.

Rai yangu, na mtu yuko huru kuipinga, ni kwamba hapa Mombasa tusianze na ndoto ya kumpima kila mtoto huku kipimo chenyewe hakina wa kukisoma. Tuanze na maswali kwa kila mchezaji, yaandikwe kwenye fomu ile ile mnayojaza jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Je, umewahi kuzimia au kukaribia kuzimia ukiwa unakimbia au unaogelea? Umewahi kuumwa na kifua kwenye mazoezi, au kuhisi moyo unakwenda mbio au unaruka bila sababu? Katika ukoo wenu yupo aliyekufa ghafla kabla ya kufika miaka 50, au aliyezama, au mtoto aliyekutwa asubuhi amekufa kitandani? Swali la mwisho lijibiwe na mama au nyanya, kwa kuwa kijana hajui habari hizo. Atakayejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, huyo apimwe, na vipimo vyake visomwe vizuri. Fomu haimgharimu mtu chochote.

Sasa nije kwenye swali lililowaleta wengi wenu. Aliyekwisha kukutwa na ugonjwa, acheze au asicheze? Miaka ishirini iliyopita jibu lilikuwa jepesi. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2005 uliwatoa wengi wa wagonjwa hawa katika karibu michezo yote ya mashindano, isipokuwa ile isiyotoa jasho, kama gofu. Uliandikwa kwa nia njema na kwa takwimu chache. Tangu hapo takwimu zimeongezeka. Madaktari wa Kliniki ya Mayo, Marekani, walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 130 wa QT ndefu walioamua kuendelea na michezo baada ya kuelezwa hatari zote, na kati yao mmoja tu ndiye aliyepatwa na tukio la moyo akiwa mchezoni. Mwaka uliofuata yakatolewa matokeo ya wanamichezo 372 waliokuwa na mashine ya kushtua moyo iliyopandikizwa mwilini. Baadhi yao walipigwa na shoti ya mashine hiyo wakiwa wanacheza, lakini hakuna aliyekufa wala aliyejeruhiwa kwa sababu ya mapigo kuvurugika uwanjani. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2015, na ile ya Ulaya ya mwaka 2020, ikalegeza kamba. Leo, kwa magonjwa mengi ya aina hii, uamuzi hufanywa na mchezaji, familia yake na daktari wa moyo wakiwa wamekaa pamoja.

Naomba msizichukue takwimu hizo mkakimbia nazo. Watu wale 130 walikuwa wakitibiwa na mabingwa wa ugonjwa huo, walikuwa wanameza dawa kila siku, waliambiwa waziwazi dawa gani nyingine wasiziguse, na walitakiwa kuwa na mashine ya kushtua moyo ya kubebeka kama sehemu ya vifaa vyao vya michezo. Ukiondoa masharti hayo ukabakisha ruhusa peke yake, umebaki na kitu kingine kabisa, na hakuna utafiti uliokipima. Isitoshe, yapo magonjwa ambayo jibu lake bado ni hapana. Ule wa misuli inayogeuka kovu na mafuta, kwa mfano, huzidi kuharibika kwa mazoezi makali, na mwenye nao hushauriwa aachane na mashindano ya nguvu hata kama anajisikia mzima.

Wengi wenu mliona kwa macho yenu yaliyompata mchezaji wa soka wa Denmark, Christian Eriksen, tarehe 12 Juni 2021, katika uwanja wa Parken mjini Copenhagen, Denmark ilipokuwa ikicheza na Finland katika mashindano ya Ulaya. Alikuwa na miaka 29, na hakuna aliyemgonga. Moyo wake ulisimama, kifua chake kikakandamizwa pale pale kwenye nyasi, akashtuliwa kwa mashine, akarudi. Akapandikizwa mashine mwilini. Kanuni za Italia hazikumruhusu kucheza akiwa nayo, hivyo akaachana na Inter mwezi Desemba mwaka huo. Uingereza ikamruhusu, na mwezi Februari 2022 akaingia uwanjani akiwa na jezi ya Brentford. Mtu ni yule yule, moyo ni ule ule, na nchi mbili zimeamua tofauti. Mwaka 2024 aliifungia Denmark bao katika mashindano yale yale ya Ulaya.

Upande wa pili wa habari hii yupo ndugu yetu wa Ghana, Raphael Dwamena. Naye alikuwa na hitilafu ya mapigo, naye alipandikizwa mashine, na mwaka 2021 alipoanguka katika mechi nchini Austria mashine ilikuwa mwilini mwake. Baadaye alichagua itolewe. Alikwenda Albania, akacheza vizuri na kufunga mabao mengi, na tarehe 11 Novemba 2023 alianguka uwanjani akafariki, akiwa na miaka 28. Simlaumu; mtu aliyeona milango ya timu ikifungwa mmoja baada ya mwingine anaweza kuamua mambo ambayo sisi tuliokaa kwenye viti hatuyaelewi. Lakini namtaja kwa sababu yeye na Eriksen waliipenda kazi yao sawasawa, na aliyeendelea kuishi ni yule aliyecheza ndani ya masharti.

Nirudi kwenye mambo ya kila siku, ambayo naona hayazungumzwi inavyotosha. Dawa kuu ya QT ndefu na ya mapigo yanayovurugwa na mazoezi ni kundi la betabloka, kama propranolo. Humezwa kila siku, na huupunguzia moyo kasi. Mchezaji anayezitumia hujihisi mzito, hasa wiki za mwanzo, na kocha asiyejua humfokea kwamba amekuwa mvivu. Basi kijana hufanya hesabu yake mwenyewe: siku ya mechi haimezi. Hiyo ndiyo siku anayoihitaji zaidi. Kocha anayejua atasubiri mwili uizoee dawa, atamwambia daktari iwapo kiwango kinamlemea, na hatampa nafasi ya kujaribu kucheza bila kumeza. Mwingine huogopa kwamba ni dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Zimekatazwa katika michezo michache, hasa ya kulenga shabaha kama upinde na bunduki, ambako mkono kutulia ni faida. Kandanda, riadha, kikapu na kuogelea kwa kawaida hazimo.

Kisha kuna malaria, ambayo wenzetu wa Copenhagen hawana haja ya kuifikiria. Baadhi ya dawa za malaria hurefusha kile kipindi cha kujitayarisha kwa moyo nilichokieleza. Kwinini imo katika kundi hilo, piperakwini imo, na halofantrini, iliyouzwa kwa jina la Halfan, ilihusishwa na vifo. Hata dawa ya mseto tunayoitumia sana nchini, ya artemetha na lumefantrini, ina onyo kuhusu wenye QT ndefu. Dawa za viua vijasumu kama erithromaisini nazo ni vivyo hivyo. Tafadhali nieleweni vizuri: malaria isiyotibiwa huua, na simwambii mtu yeyote aache kutibiwa. Ninachosema ni kwamba mwenye QT ndefu asinunue dawa dukani kwa kukisia. Aende kituo cha afya, aseme ugonjwa wake kabla ya kuandikiwa, na achaguliwe dawa na kuangaliwa.

La muguka sitalikwepa, ingawa najua ni moto. Mwaka 2024 serikali ya kaunti ilijaribu kuipiga marufuku na mambo yakafika mahakamani. Siasa hiyo si yangu. Yangu ni kwamba muguka na miraa vina kemikali inayoupandisha mwili kama amfetamini, ikiongeza mapigo na shinikizo la damu, na kijana mwenye hitilafu ya mapigo anayetafuna usiku kisha akacheza asubuhi, bila usingizi na bila maji ya kutosha, ameupangia moyo wake vichocheo vinne kwa mpigo mmoja.

Na maji yenyewe yana habari yake katika mji huu. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa, na joto na unyevunyevu wa siku hiyo vilimfanya Kenenisa Bekele, bingwa aliyezoea kushinda, aache mbio njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Ikiwa hali yetu ya hewa ilimshinda bingwa mwenye moyo mzima, fikirieni kijana ambaye moyo wake unategemea potasiamu na magnesiamu ziwe sawa katika damu, naye anazipoteza kwa jasho, au kwa tumbo la kuhara lililomshika jana. Akiwa anahara au anatapika, hachezi. Mwezi wa Ramadhani azungumze na daktari wake kabla haujaandama, juu ya saa za kumeza dawa na juu ya kufanya mazoezi baada ya kufturu badala ya alasiri. Zile mechi za usiku baada ya tarawehe kwake ni nafuu. Daktari akimwambia asifunge, dini yenyewe imeshampa mgonjwa ruhusa.

Sasa uwanja wenyewe. Nilisema vipimo huwapita wengine, na dawa husahauliwa, kwa hivyo lazima tuwe tayari kwa anguko. Mchezaji akianguka bila kugongwa, asipoitika, na asipopumua kawaida, moyo wake umesimama. Msihadaiwe na mihemo mizito inayokuja moja moja, wala na mtikisiko wa mikono. Hizo si dalili za uhai zinazotosha. Msimmwagie maji, msimtie kijiko mdomoni, msimzunguke mkamnyima nafasi. Mmoja apige simu 999 au 112, mwingine apige magoti, aweke viganja katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu, sentimita tano hadi sita kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana kila baada ya dakika mbili maana ni kazi inayochosha. Fabrice Muamba, kijana mzaliwa wa Kongo, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na yu hai leo kwa sababu kulikuwa na watu ambao hawakuacha kumhudumia. Miaka tisa kabla yake, mjini Lyon, tulimpoteza Marc-Vivien Foé wa Kameruni, mwenye misuli ya moyo iliyonenepa pasipo mtu kujua.

Kukandamiza kifua humnunulia mgonjwa muda; kinachourudisha moyo ni shoti ya umeme, na kila dakika inayopita bila ukandamizaji wala shoti hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Fanyeni hesabu hiyo mkiwa Likoni, gari la wagonjwa likisubiri feri ili livuke kuja kisiwani, au mkiwa Kisauni saa kumi na moja jioni daraja la Nyali likiwa limejaa. Gari la wagonjwa haliwezi kuwa ndio mpango wetu. Mashine ya kushtua moyo ya kubebeka, ambayo yenyewe humwambia mtumiaji la kufanya na haimshtui asiyehitaji, inapaswa kuwa uwanjani. Najua si ya bei rahisi. Lakini shule tatu zilizo jirani zinaweza kuchangia moja, na timu zinazotumia uwanja mmoja zinaweza kuiweka kwa mlinzi, mahali panapofunguliwa bila kumtafuta mwenye ufunguo. Nawaambia wafadhili walioko hapa, wanaopenda kuvalisha timu jezi zenye majina yao: kuna kitu kingine cha kuandika jina.

Nimalizie kwa kocha, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua kama karatasi itatoka chini ya godoro. Mchezaji akikuletea barua ya daktari, usimjibu mbele ya wenzake, na usimfute siku hiyo. Mwambie atapumzika kucheza mpaka daktari wa moyo aseme, na kwamba nafasi yake ya usajili iko pale pale. Barua isiyotaja ugonjwa kwa jina, dawa anazotumia na kiwango cha mazoezi kinachoruhusiwa, irudishwe kwa daktari ijazwe. Msiibebe kazi ya kukisia. Akiruhusiwa, wenzake wawili na msaidizi wako wajue, kwa ridhaa yake, wapi dawa zake zinakaa na nini cha kufanya akianguka. Asiporuhusiwa, kuna upigaji wa filimbi kwenye mazoezi, kuna kuwanoa watoto wadogo, kuna kuhesabu takwimu za mechi. Yeye aulizwe anachokitaka, maana wapo ambao kukaa ukingoni huwaumiza zaidi kuliko kukaa nyumbani.

Na mzazi, barua hiyo haimhusu mtoto mmoja. Katika QT ndefu iliyo ya kawaida, mzazi mwenye ugonjwa humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu kuurithi. Akikutwa nao mmoja, wapimwe baba, mama, na ndugu wote, pamoja na yule dada aliyeolewa ambaye hajawahi kugusa mpira, kwa kuwa wanawake wenye aina ya pili huwa katika hatari zaidi katika miezi inayofuata kujifungua, na kilio cha mtoto usiku ni sauti ya ghafla kama nyingine. Akiwa mjamzito, mkunga na daktari wake waambiwe mapema. Waliobeba midoli ya kujifunzia kukandamiza kifua wamekwisha kuipanga hapo uani. Walimu watangulie, vijana wafuate, na maswali nitayajibu huko huko.